Mteja ni wa nani? Mwongozo wa kulinda wateja wako na kuchagua washauri wa biashara

Sisi tunaoshona sare za shule tunaishi kwa Januari. Oda zinazofungwa Oktoba na Novemba ndizo zinazolipa pango la karakana, mishahara ya mafundi na majora ya kitambaa tunayochukua Kariakoo. Mwaka mmoja Novemba ilifika katikati, na shule tatu nilizozihudumia kwa miaka mingi zilikuwa kimya. Nikafunga safari hadi ya kwanza. Mkuu wa shule akanipokea vizuri, akaagiza chai, kisha akaniuliza kwa mshangao wa kweli: "Lakini dada, oda si tumeshampa yule kijana wenu? Sisi tulijua ndiye mwenye kampuni."

Kijana huyo alikuwa ameacha kazi kwangu Agosti. Hakubeba daftari wala kompyuta. Aliondoka na simu yake tu, na ndani ya simu hiyo kulikuwa na wakuu wa shule, wahasibu, matroni, picha za sampuli na mazungumzo ya miaka minne. Ni mimi niliyemwambia siku ya kwanza, "tumia simu yako, vocha nitakurudishia."

Tangu hapo nimeona jambo hilo hilo kwa wenzangu wa uchapishaji, wa upishi wa sherehe, wa vipuri. Ni mara chache mteja kuvutwa na mshindani wa ng'ambo ya barabara. Mara nyingi anaondoka kupitia mlango tuliouacha wazi wenyewe: laini ya simu, nywila, mtu mmoja anayejua kila kitu, au mshauri asiyejua kunyamaza. Hatua zilizo hapa chini zinafuata mpangilio ambao mimi mwenyewe ningeufuata kama ningeanza upya leo.

Hatua ya 1: Waweke wateja wako wote kwenye karatasi moja

Chukua mauzo ya miezi 12 iliyopita kutoka kwenye ripoti za mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, au kitabu cha ankara. Andika kila mteja na jumla aliyonunua, kisha chora safu tatu mbele yake: nani anaamua, nani anaidhinisha malipo, na nani upande wako anayezungumza naye.

Usijaze jina la taasisi kwenye safu hizo, jaza jina la mtu. Kwenye shule moja anayeamua ni mkuu wa shule, kwenye nyingine ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na kwenye nyingine ni matroni ambaye mkuu wa shule hapitishi kitu bila kumuuliza. Mhasibu ndiye anayejua hundi inatoka lini. Mtunza stoo ndiye wa kwanza kuona vifungo vinavyong'oka, na neno lake hufika ofisini kabla ya lako.

Ukimaliza, angalia mambo mawili. Kama mteja mmoja amebeba zaidi ya theluthi ya mauzo yako, kazi ya kutafuta wengine ianze mwezi huu, hata kama mnapendana sana. Na kama jina la mfanyakazi mmoja linajirudia kwenye safu ya mwisho kutoka juu hadi chini, hapo ndipo penye hatari yako kubwa. Simsemi vibaya huyo mfanyakazi. Anaweza kuwa mwaminifu kuliko wote, lakini anaweza pia kuugua, kuhamia Mwanza, au kufungua yake, na ana haki ya kuifungua.

Hatua ya 2: Namba, barua pepe na lipa namba ziwe za biashara

Tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa Tanzania, swali la "laini hii ni ya nani" lina jibu moja: ni ya yule aliyeisajili. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa (NIDA) cha mfanyakazi wako ni yake, hata kama wewe ndiye uliyeinunua na kuichapisha kwenye bango, gari na mifuko ya kufungashia. Siku mkigombana ataingia kwenye duka la kampuni ya simu, ataweka kidole, na atatoka na laini mpya yenye namba ile ile. Wewe utabaki na bango.

Kwa hiyo sajili laini kwa jina la kampuni, kwa nyaraka za kampuni na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi. Nunua simu ya ofisi, hata ya bei ndogo, na iwe inalala ofisini. Weka WhatsApp Business kwenye namba hiyo, washa uthibitisho wa hatua mbili, na ile namba ya siri ya tarakimu sita muijue wewe na mtu mwingine mmoja tu. Mfanyakazi azungumze na wateja kupitia simu hiyo. Akiwa safarini anaweza kuunganishwa kwa kifaa cha pili, na siku akiondoka unamtoa kwenye orodha ya vifaa kwa kubofya mara chache.

Lipa namba, ile ya kupokea malipo ya wateja kwa simu, nayo iwe kwa jina la biashara. Mteja aliyezoea kuona jina la mtu binafsi kila anapolipa ameshafundishwa kwamba biashara ni ya mtu huyo.

Kuna kosa jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa: anwani ya tovuti. Fundi wa kompyuta anakutengenezea tovuti yenye mwisho wa .co.tz, anaisajili kwa jina na barua pepe yake, na wewe unalipa kila mwaka ukidhani ni yako. Uliza leo anwani hiyo imesajiliwa kwa jina la nani. Kama siyo la kwako, omba ihamishwe sasa, mkiwa bado mnaelewana.

Hatua ya 3: Kila mteja ajulikane na watu wawili, na wewe mwenyewe uonekane

Mteja mkubwa asihudumiwe na mtu mmoja. Yupo wa mauzo, na yupo wa pili, pengine fundi mkuu au dereva wa kupeleka mzigo, ambaye mteja anamjua kwa jina na anaweza kumpigia.

Halafu nenda mwenyewe. Mimi huenda kila shule mara mbili kwa mwaka wakati sina cha kuuza wala cha kudai. Machi, sare zikiwa zimeshavaliwa miezi miwili, ndipo ukweli unaonekana. Nasimama na matroni pembeni ya mstari wa asubuhi, natazama magoti ya suruali, makwapa ya mashati, na pindo za sketi zilizoanza kufumuka. Mwaka fulani matroni mmoja alinishika mkono akanionyesha mfuko wa suruali ya mvulana wa darasa la nne, umetoboka kabisa. "Mama, hawa wanaweka gololi na vichongeo," akaniambia. Tangu hapo mifuko ya shule za msingi tunaishona kwa kitambaa kizito zaidi. Gharama haikupanda sana, na hakuna bei ya mshindani iliyowahi kututoa pale.

Hatua ya 4: Jenga kumbukumbu ambayo mwingine hana

Hapa ndipo penye ulinzi wa kweli, na ndipo wengi hawapapi muda.

Kila shule yangu ina kadi ngumu kwenye faili. Juu ya kadi kuna kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini, upande wa vidole viwili, pembeni nimeandika duka tulilokichukua, tarehe na namba ya jora. Ukimuuliza mtu rangi ya sketi za shule hiyo atakwambia damu ya mzee, na atakuwa amesema kweli. Lakini damu ya mzee ya jora la Oktoba siyo ya jora la Februari. Dukani hutaona tofauti. Wasimamishe wasichana wawili juani, mmoja na sketi ya zamani na mwingine na mpya, utaona kana kwamba wanatoka shule mbili. Mzazi ataona, na mkuu wa shule ataona. Mshonaji mgeni atakayeichukua oda hiyo hana kadi yangu, ataikosea rangi mara ya kwanza, na shule itakumbuka kwa nini ilikuwa kwangu.

Nyuma ya kadi kuna vipimo vya shule hiyo: saizi zipi hutoka kwa wingi, ngapi hurudishwa, nembo inadariziwa upande gani na kwa ukubwa gani. Pateni zake, vielelezo vya kukatia kitambaa, zimetundikwa ukutani zikiwa na jina. Pia huwa naacha akiba ndogo iliyoshonwa tayari kwa ajili ya wanafunzi wanaohamia katikati ya mwaka, kwa sababu hakuna mzazi anayependa kuambiwa asubiri wiki tatu kwa shati moja.

Tafuta kadi yako ni ipi. Mpishi wa sherehe ana orodha ya ukoo gani hawali nini. Muuza vipuri anajua basi lipi lilibadilishwa injini mwaka gani. Kitu hicho kiandikwe na kikae ofisini, kisibaki kichwani mwa mtu.

Jambo moja la sheria hapa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia ambayo wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu hupaswa kujisajili kwake. Majina ya watoto na vipimo vya miili yao ni taarifa binafsi. Nakusanya zile ninazohitaji tu, nazifungia, na sizitumii kwa lolote zaidi ya kushona. Sheria hii inakulinda mfanyakazi anapotaka kuondoka na orodha, na inakubana wewe vilevile. Kijana akija kuomba kazi akiwa na orodha ya wateja wa mwajiri wake wa zamani, usiipokee. Aliyekuletea ya mwenzako ataipeleka na ya kwako.

Hatua ya 5: Mshindani akishusha bei, usikimbilie kushusha

Mteja atakuonyesha profoma, yaani ankara ya awali ya bei, ya mwingine iliyo chini yako. Iombe kwa heshima, kaeni muisome pamoja mstari kwa mstari. Kitambaa ni kile kile? Kudarizi nembo kumo? Usafiri umo? Bei hiyo ina VAT au haina? Risiti ya EFD itatolewa? Zinazorudishwa kwa kutokutosha zinabadilishwa bure? Mara nyingi pengo hujieleza lenyewe kabla hujafungua mdomo kujitetea.

Kama pengo ni la kweli, punguza kwa kubadilishana na kitu: malipo ya awali makubwa zaidi, oda kuletwa Septemba badala ya Desemba, au makubaliano ya miaka miwili. Ukipunguza bure, mteja ataamini ulikuwa ukimwibia siku zote. Na usimseme mshindani vibaya. Nimewahi kufanya hivyo, na niliona uso wa mteja ukifunga pale pale.

Hatua ya 6: Yaandike mnayokubaliana

Kwa wateja wakubwa, andaa makubaliano ya kurasa mbili: bei, muda wake, siku za kupeleka mzigo, utaratibu wa kurudisha, na notisi ya kuachana. Si lazima yawe ya vitisho. Faida yake kubwa ni kwamba mkuu wa shule akihamishwa, anayempokea anakuta karatasi yenye jina lako.

Kwa wafanyakazi, mkataba wa ajira uwe na kifungu cha usiri kinachotaja wazi kwamba orodha ya wateja, bei, pateni na mazungumzo ya kazi ni mali ya biashara. Kifungu cha kumzuia asiwafuate wateja wako baada ya kuondoka kiwe chepesi: muda mfupi, na wateja aliowahudumia yeye tu. Mahakama hazipendi kumfungia mtu riziki yake. Kenya wana sheria mahususi kuhusu mikataba inayozuia biashara, Sura ya 24, inayompa jaji nafasi ya kukitengua kizuizi kisicho cha haki. Ukiandika kwamba fundi wako asishone popote Afrika Mashariki kwa miaka mitano, umeandika karatasi ya kujifariji. Mpe wakili akuandikie kinachoshikika.

Hatua ya 7: Mfanyakazi anapoaga

Mlipe stahili zake zote kwa wakati na umpe cheti chake cha utumishi, ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakudai umpe. Mtu aliyeondoka na kinyongo huwa na nguvu ya kupiga simu 40 kwa siku moja.

Kabla hajaondoka, pita naye kwa wateja wakubwa akamtambulishe anayempokea. Kama mmeachana ghafla, wapigie mwenyewe kabla ya siku ya pili kuisha. Maneno yawe machache: "Fulani hayupo nasi tena, tunamtakia heri, kuanzia leo utahudumiwa na fulani, na namba yangu ni hii." Usiongeze habari za kwa nini. Siku hiyo hiyo badilisha nywila na uondoe vifaa vyake.

Hatua ya 8: Chagua mshauri kama unavyochagua mtu wa kumwachia ufunguo

Mhasibu wako anajua faida yako kwa shilingi. Wakili anajua mikataba yako. Mshauri wa kodi anajua mteja yupi analipa na yupi anachelewesha. Kwa hiyo kulinda wateja na kuchagua washauri ni kazi moja.

Anza na uthibitisho, kwa sababu ni rahisi na watu huona aibu kuufanya. Wahasibu na wakaguzi wa hesabu husajiliwa na bodi yao ya taifa, NBAA. Mshauri wa kodi anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Wakili unaweza kumtafuta kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ukaona kama anaruhusiwa kufanya kazi kwa sasa. Wanaouza bima wako chini ya mamlaka ya bima, TIRA. Omba namba ya usajili na uihakiki mwenyewe. Aliye halali hatakasirika.

Kisha kaa naye saa moja na umuulize haya. Unamhudumia nani mwingine kwenye biashara kama yangu? Akitaja tu kwamba wapo, na akaeleza namna anavyotenganisha mafaili yao na yako, endelea naye. Je, kuna benki au kampuni ya bima inayokulipa kamisheni ukinipeleka kwao? Nani hasa atafanya kazi yangu, wewe au msaidizi? Ni wapi umewahi kumwambia mteja asifanye alichotaka?

Sikiliza zaidi ya majibu. Niliwahi kukaa na mshauri mmoja mwenye ofisi nzuri na maneno laini. Akitaka kunionyesha uzoefu wake, akanisimulia deni la benki la mshonaji mwenzangu, kiasi kilichobaki, na miezi aliyochelewa. Hakumtaja jina, lakini karakana kubwa za sare si nyingi, nilimjua kabla hajamaliza sentensi. Nilishukuru, nikanywa maji yangu, nikaondoka. Mtu huyo angekaa na mshindani wangu wiki iliyofuata akamsimulia za kwangu kwa sauti ile ile laini.

Ukimpata anayefaa, mpe kazi ndogo kwanza: mapitio ya mkataba mmoja, au hesabu za miezi mitatu. Angalia kama anatimiza tarehe, kama anakueleza kwa Kiswahili unachokielewa, na kama aliwahi hata mara moja kukupinga. Kisha mwandikiane barua ya kazi yenye mipaka ya kazi, ada, usiri, na sentensi inayosema nyaraka zote ni zako na zitarudishwa zikiombwa.

Mambo matatu usiyaachie kwa mshauri yeyote, hata ndugu wa damu. Akaunti ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na ya TRA zifunguliwe kwa barua pepe na simu yako, nywila ikae kwako. Kodi ilipwe na wewe kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo, usimpe mtu fedha taslimu akakulipie. Na kila ritani (taarifa ya kodi) anayowasilisha, akupe nakala siku ile ile. Wapo wafanyabiashara waliolipa kodi mwaka mzima mkononi mwa mtu, wakaja kugundua kwa barua ya madai kwamba hakuna kilichofika.

Tafuta pia mshauri mmoja asiye wa kulipwa, mkubwa wako katika fani, ila awe mbali. Wangu ni mama anayeshona sare mkoa mwingine, miaka mingi kuliko mimi. Hawezi kugombea shule zangu wala mimi zake, ndiyo maana tunaambiana bei halisi. Yeye ndiye aliyenifundisha kadi za vitambaa.

Hatua ya 9: Kuachana na mshauri

Ukiona ameanza kuchelewesha, kukwepa maswali, au siri zako zimeanza kurudi kwako kupitia mdomo wa mtu mwingine, usigombane naye kwenye simu. Omba kwanza mafaili yako yote, uyahesabu na kuyasaini mbele yake. Badilisha nywila. Halafu andika barua kwa benki, na kwa TRA kama alikuwa akikuwakilisha kwao, kueleza kwamba kuanzia tarehe fulani mtu huyo hazungumzi kwa niaba yako. Peleka barua mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo ofisini.